Kikundi Kinaponunua Gari la Matope

Rangi nzuri isiwadanganye. Gari la magurudumu manne huozea chini. Nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji, alale chini aangalie kama chasisi ina kutu au imechomelewa. Lijaribuni kwenye matope, si kwenye lami, muone kama magurudumu yote yanavuta. Land Rover ya zamani isiyo na kompyuta hata fundi wa kijijini huiweza. Suzuki ndogo hunywa mafuta kidogo, lakini hubeba kidogo. Msimalize akiba: wekeni ya tairi, spea na bima. Namba ya chasisi ilingane na logibuku, na NTSA iandikishe jina la kikundi. Likiandikwa la mwenyekiti, siku akifariki, warithi watadai jasho lenu.