Kupakua Kabrasha Moja kutoka Ghala la Misimbo

Mwanafunzi wa isimu aliye Nyeri, Karatina au Nanyuki akihitaji matini ya Kiswahili yaliyotiwa alama za majina ya watu, mahali na mashirika, hahitaji kuyakusanya upya. Mwaka 2021 jumuiya ya watafiti ya Masakhane ilitoa data ya aina hiyo kwa lugha 10 za Afrika, Kiswahili na Kijaluo zikiwamo, na kuiweka katika ghala la misimbo kwenye GitHub. Kila lugha ina kabrasha lake; la Kiswahili huitwa swa. Lakini mtandao huo hauna kitufe cha kupakua kabrasha moja. Hutoa ghala zima au faili mojamoja. Hakuna aendaye soko la Karatina kutafuta fungu la viazi akarudi na soko lote.

Chanzo ni maumbile ya Git, programu iliyoasisiwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Git huhifadhi picha ya mradi mzima kila unapobadilishwa. Hivyo, anayenakili ghala hunakili pia matoleo ya kale ya kila faili, yakiwamo ya faili zilizokwisha kufutwa. Isitoshe, mtandao ukikatika kabla kazi haijaisha, Git haiendelei ilipoachia, huanza upya. Kwa mwanafunzi anayenunua data ya simu kwa megabaiti, hasara hiyo si ndogo.

Toleo 2.25 la mwaka 2020 lilileta amri ya kuchagua makabrasha. Kwanza huandikwa hivi, kisha anwani ya ghala:

git clone --depth 1 --filter=blob:none --sparse

Sehemu ya depth huacha historia. Ya filter huzuia yaliyomo katika faili yasiletwe kabla ya kuhitajika. Nayo sparse huleta tu faili zilizo nje ya makabrasha yote. Baada ya kuingia ndani ya ghala lililonakiliwa, huandikwa:

git sparse-checkout set data/swa

Hapo ndipo faili za Kiswahili huletwa.

Miongozo ya zamani hupendekeza programu ya Subversion. Njia hiyo ilikuwa nyepesi kweli, ila GitHub iliifunga Januari 2024. Nazo faili zikiwa mbili tatu tu, ni rahisi zaidi kuzipakua mojamoja. Anayefanya hivyo asisahau faili ya leseni, ambayo kwa kawaida hukaa nje ya makabrasha. Ndiyo inayoeleza iwapo data inaruhusiwa kutumiwa kibiashara.