Je, Wajua? Sienna ya Mtumba na Barua Iliyotumwa kwa Mmiliki wa Zamani

Chini ya kona ya kioo cha mbele, upande wa dereva, kila Toyota Sienna ina kibati chembamba chenye herufi na tarakimu 17. Zikianza na 5TD, gari hilo liliundwa Princeton, jimbo la Indiana. Zikianza na 4T3, ni la zamani zaidi, kutoka kiwanda cha Georgetown, Kentucky. Alama ya kumi hutaja mwaka wa toleo: 4 ni 2004, B ni 2011. Herufi I, O na Q hazimo kabisa, zisije zikachanganywa na 1 na 0.

Mnunuzi wa gari lililotumika hukagua rangi, hupiga teke matairi, hufungua boneti, husikiliza injini, huuliza limetembea maili ngapi. Kibati hicho wengi hawakitazami, nacho kina habari ambazo muuzaji pengine hazijui, au anazijua akanyamaza.

Sienna iliingia sokoni Amerika Kaskazini mwaka 1997 kama toleo la 1998, ikachukua nafasi ya Previa. Kizazi cha pili kilikuja na toleo la 2004, cha tatu 2011, na tangu toleo la 2021 inauzwa kwa mfumo mseto tu, petroli na umeme kwa pamoja. Ni gari la watu saba au wanane, milango ya kando inateleza badala ya kufunguka nje, na viti vya nyuma hulazwa mizigo ikizidi. Kwa familia kubwa ni mkombozi. Wakongo wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokewa Marekani katika miaka ya karibuni, wengi wao wakiwa wasema Kiswahili, na nyumba yenye watoto watano au sita haitoshi kwenye gari dogo. Dar es Salaam na Nairobi kazi hiyo hufanywa na Noah, Voxy na Alphard, kwa kuwa Sienna huundwa na usukani wa kushoto.

Sifa yake kuu ni uimara. Sifa hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayowafanya watu waache kuuliza maswali.

Tuanze na tairi la akiba. Kwenye Sienna halikai ndani. Huning'inia chini ya sakafu, likishikwa na kebo ya chuma. Katika majimbo ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Maji hayo ya chumvi hurukia chini ya gari majira baada ya majira, kebo inashika kutu, nyuzi zake zinakatika moja moja, hadi siku tairi linapodondoka katikati ya barabara kuu. Anayeumia ni dereva wa gari linalofuata nyuma. Aprili 2010 Toyota ilitangaza mwito wa kurudisha takriban Sienna 600,000 za matoleo ya 1998 hadi 2010 kwa ajili ya kebo hiyo, lakini zile tu zilizouzwa au kusajiliwa katika majimbo 20 ya baridi pamoja na Washington, D.C. Sienna ya aina ileile iliyokaa Arizona haikuhusika.

Mwaka 2013 zikaitwa nyingine zipatazo 615,000. Safari hii tatizo lilikuwa gia. Katika gari la otomatiki, mti wa gia ukiwa kwenye P haupaswi kutoka hapo mpaka mguu ukanyage breki. Hiyo ndiyo kinga ya mtoto anayechezea usukani huku mama akifunga mlango wa nyumba. Kwenye baadhi ya Sienna, sehemu ya mfumo huo wa kufunga iliweza kuharibika, mti ukatoka bila breki kuguswa na gari likaanza kubingirika lenyewe. Walioguswa ni wenye matoleo ya 2004, 2005, na 2007 hadi 2009. Toleo la 2006 halikutajwa. Ndiyo maana kusema tu kwamba Sienna za zamani zina tatizo la gia, au hazina, hakumsaidii mnunuzi. Kinachosaidia ni namba ya gari analolitazama.

Kisha milango. Novemba 2016 ziliitwa Sienna 834,000 hivi za 2011 hadi 2016, karibu 744,000 kati yake zikiwa Marekani. Mlango wa kuteleza unaofunguliwa kwa mota ukikwama, tuseme umegandishwa na barafu, mota huvuta umeme mwingi kupita kiasi na fyuzi hukatika. Fyuzi ikikatika wakati komeo bado halijashika, mlango hubaki unaonekana umefungwa ilhali haujafungwa, na unaweza kufunguka gari likiwa mwendoni. Nyuma ya mlango huo ndipo hukaa mtoto. Dawa yake ilihitaji vipuri na nyaya mpya ambavyo havikuwa tayari siku ya tangazo, kwa hiyo wenye magari walipokea kwanza onyo, matengenezo yakafuata baadaye.

Tatizo zito kuliko yote halikuanzia kwa Toyota. Ndani ya mifuko mingi ya hewa mna kopo la chuma lenye vidonge vya baruti maalumu. Gari likigonga, kihisio huwasha vidonge hivyo, gesi hulipuka kwa mpangilio na kuujaza mfuko kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyoanza miaka ya 1930 kama kiwanda cha kufuma, ilichagua kutumia nitrati ya amonia, kemikali iliyo rahisi kwa bei. Ubaya wake ni kwamba hunyonya unyevu na hubadilika umbo joto linapopanda na kushuka. Baada ya miaka mingi ya mchana wa joto na usiku wa ubaridi, vidonge huvunjikavunjika. Vikiwashwa, huungua haraka mno, kopo hupasuka, na vipande vya chuma hupenya kitambaa kuelekea shingoni na usoni mwa abiria ambaye mfuko uliwekwa ili umwokoe.

Mwito wa kwanza wa Takata, Novemba 2008, ulihusu Honda zipatazo 4,000 tu. Hatimaye makopo yaliyoitwa Marekani peke yake yalifika milioni 67 hivi. Vifo vilivyothibitishwa nchini humo vimepita 25, na waliojeruhiwa ni mamia. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kwamba makopo yake yana kasoro. Januari 2017 ikakubali kukiri kosa la udanganyifu na kulipa dola bilioni moja. Juni mwaka huohuo ikaomba kufilisika. Sienna za 2011 hadi 2014 zimo kwenye orodha, kwa mfuko wa abiria wa mbele.

Hapa kuna jambo linalostahili kuangaliwa vizuri. Kebo ya tairi huugua kwenye baridi na chumvi, kopo la Takata huugua kwenye joto na unyevu. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, iliyagawa majimbo kwa kanda, na kanda ya hatari zaidi ikajumuisha Florida, Texas, Louisiana, Hawaii na Puerto Rico. Lakini gari la mtumba huhama. Sienna iliyotumika miaka minane Miami huuzwa mnadani na kuishia Maine. Iliyoliwa chumvi Ohio huoshwa, hupigwa rangi na kupelekwa Texas. Ndiyo sababu miito hiyo haikuangalia tu gari liko wapi leo, iliangalia pia lilikouzwa au kusajiliwa zamani. Mnunuzi anayeuliza tu idadi ya maili ameuliza nusu ya swali.

Na nani hugundua kasoro hizi? Mara nyingi ni mwenye gari aliyeudhika akaamua kupiga simu. Sheria ya usalama wa magari ya Marekani ilipitishwa 1966, mwaka mmoja baada ya mwanaharakati Ralph Nader kuchapisha kitabu chake kilichowashambulia watengenezaji, na NHTSA ikaundwa 1970. Hupokea malalamiko kwa simu na kwa mtandao, kisha huyaweka hadharani bila jina la mlalamikaji. Yale ya simu yana mtindo wake: karani huandika kwamba mhusika anamiliki gari fulani la mwaka fulani, alikuwa akienda maili kadhaa kwa saa, breki zikalegea au mlango ukafunguka, gari likapelekwa kwa wakala, wakala akasema hili au lile, mtengenezaji akaarifiwa au hakuarifiwa, na mita ilisoma maili kadhaa. Ukisoma ishirini mfululizo unachoka. Ukisoma mia moja unaanza kuona umbo la tatizo.

Malalamiko hayo hayajathibitishwa. Mengine ni ya watu waliokosa kubadilisha oili, mengine yametiwa chumvi. Gari lililouzwa kwa wingi nalo litalalamikiwa kwa wingi, hivyo jumla peke yake haisemi kitu. Malalamiko kumi yanayosimulia mlango uleule, katika baridi ileile, yana uzito kuliko mia yanayorukaruka kutoka redio hadi rangi. Wahandisi wa mamlaka hutafuta marudio hayo. Wakiyapata hufungua uchunguzi, na uchunguzi unaweza kuishia kwenye mwito. Wakati mwingine mtengenezaji huwahi kuutangaza mwenyewe.

Wapinzani wa Sienna hawako salama zaidi. Honda Odyssey za 2002 hadi 2004 zilikuwa katika mwito wa 2004 wa magari yapatayo milioni 1.1 yenye giaboksi iliyoweza kupata joto kali na kujifunga. Mwishoni mwa 2017 Honda ikaita Odyssey 800,000 hivi za 2011 hadi 2017, kwa sababu viti vya safu ya pili, visiporudishwa sawasawa baada ya kung'olewa, vingeweza kupinduka mbele breki zikikanyagwa. Wenye magari ya familia huving'oa viti hivyo kila wanapobeba godoro au jokofu. Kwa hiyo gari lenye miito mingi iliyokwisha kushughulikiwa si baya. Baya ni lile lenye mwito mmoja ambao hakuna aliyeushughulikia.

Hapo ndipo barua inapoingia. Mtengenezaji akitangaza kasoro, sheria humtaka awaandikie wenye magari ndani ya siku 60. Barua ya 2013 kuhusu gia ilikwenda kwa aliyekuwa na gari mwaka 2013. Pengine alikuwa amehama, pengine alidhani ni tangazo la biashara, pengine aliiweka kwenye droo. Gari limeuzwa mara tatu tangu hapo. Sheria ya shirikisho inakataza kuuza gari jipya lenye mwito ambao haujashughulikiwa, na tangu 2016 inazikataza kampuni za kukodisha zenye zaidi ya magari 35 kuyakodisha. Muuzaji wa magari yaliyotumika haimkatazi. Anaweza kukukabidhi ufunguo leo, mfuko wa Takata ukiwa mbele ya kiti cha mkeo, na asiwe amevunja sheria hiyo. Ni pengo lisilo na utetezi mzuri.

Namba ya kibatini nayo ina mpaka wake. Ikitafutwa, huonyesha gari lilivyotoka kiwandani na kama wakala amefunga kipuri kipya, lakini haijui kilichofanywa na gereji ya kona. Sienna iliyopata ajali huenda imewekewa mfuko uliotolewa kwenye gari bovu, na makopo ya Takata yamewahi kupatikana katika magari yaliyokarabatiwa kwa vipuri vya namna hiyo. Historia ya ajali inahitaji kuulizwa kando.

Msomaji wa Mombasa au Tanga asidhani habari hii inaishia ng'ambo. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutambulishwa kwa namba ya chasisi iliyo fupi zaidi, kama ile inayoanza na ZRR70 kwenye Noah na Voxy za kizazi cha pili. Japani nako miito ya Takata iligusa mamilioni ya magari, na barua zake zilikwenda kwa wenye magari wa huko, kwa Kijapani, huku mengine yakiwa tayari yamepakiwa melini. Toyota ina ukurasa wa Japani ambapo namba ya chasisi huingizwa na jibu hutolewa. Kwa gari lililokaa miaka katika joto na unyevunyevu wa pwani, hali ileile inayoharibu vidonge vya Takata, ni vyema namba hiyo itafutwe kabla ya fedha kutoka, na muuzaji aombwe ushahidi kwamba kipuri kilibadilishwa.

Aliye Marekani ana kazi nyepesi zaidi. Apige picha kibati, aingize alama zote 17 kwenye tovuti ya NHTSA, asome kinachojitokeza. Kukiwa na mwito ulio wazi, muuzaji apeleke gari kwa wakala kwanza. Na kama gari limeshanunuliwa, mwenyewe alipeleke kwa wakala yeyote wa Toyota. Asikubali fundi wa mtaani aung'oe mfuko wa hewa au kukata waya wake. Matengenezo ya mwito ni bure ikiwa gari halikuwa limepita miaka 15 kasoro ilipotangazwa, hata kama limepitia mikono minne. Mwenye gari wa sasa hadaiwi risiti ya ununuzi wa kwanza, wala haihitajiki ile barua.