Safari ya Baharini Iulizwe Mwezi Kabla ya Basi

Kila mwaka mabasi ya shule huteremka kutoka Kericho, Litein, Bomet na Sotik yakielekea Mombasa. Maandalizi yake twayajua sote tunaofundisha katika vilima hivi. Barua huandikiwa wazazi, mzazi akatoa sehemu ya bonasi ya majani chai aliyokuwa ameitengea mabati, dereva akatafutwa, mahali pa kulala pakalipiwa. Kila mtu huulizwa rai yake isipokuwa bahari yenyewe. Tarehe huamuliwa katika mkutano wa walimu kwa kutazama ratiba ya mitihani, basi.

Matokeo yake nimeyashuhudia zaidi ya mara moja. Basi hufika ufuoni saa nne asubuhi baada ya safari ya kilomita zipatazo 750. Watoto hushuka mbio, viatu mkononi, na mbele yao wakakuta uwanja mpana wa mchanga, majani ya baharini na vidimbwi, huku maji yenyewe yakionekana kama uzi mweupe mbali kule kwenye mwamba. Nilimsikia msichana mmoja akimwuliza mwalimu wake iwapo bahari imekauka. Swali lile lilikuwa na maana zaidi kuliko mwalimu alivyodhani, maana alilijibu kwa kicheko.

Hatuna budi kukumbuka sisi ni watu wa upande gani. Mito yetu yote huteremka magharibi, na maji makubwa tuliyoyazoea ni ya Ziwa Viktoria. Katika ziwa lile mvuto wa mwezi hausogezi maji kwa kiasi ambacho jicho laweza kukitambua; uliyemwacha na miguu majini asubuhi utamkuta papo hapo adhuhuri. Bahari si hivyo. Huko Kilindini maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na dakika zipatazo 50. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji makavu hupita mita 3, na pengine hukaribia 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hushuka hadi kama mita 1 tu.

Sababu yake imo katika vitabu vyetu vya jiografia, na michoro yake wanafunzi huichora vizuri sana: jua na mwezi zikiwa katika mstari mmoja na dunia huvuta pamoja, zikiwa katika pembe mraba hupunguziana nguvu. Katika somo la Kiswahili nako maneno bamvua na maji mafu hukaririwa kama msamiati. Ila ni mwalimu gani wa huku kwetu amewahi kuwachukua wanafunzi wake jioni, akawaonyesha mwezi juu ya mashamba ya chai, akawauliza: sasa hivi Mombasa maji yako wapi?

Jibu lake hupatikana, tena bila gharama. Katika pwani ya Kenya siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, nayo hupwa karibu saa nne au saa tano, mchana na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa karibu saa nne asubuhi na kupwa karibu saa kumi jioni, ingawa siku hizo saa hutangatanga zaidi. Kwa hiyo Jumamosi ambayo mwanafunzi wa Kericho anauona mwezi ukiwa nusu, aweza kusema bila kuondoka kwao kwamba wapwani wana maji mafu. Jumamosi inayofuata watakuwa na bamvua au watakuwa wakiikaribia, na ile ya baada yake mwezi utakuwa nusu tena. Kwa saa kamili zipo jedwali za maji za Kilindini zinazotolewa na Halmashauri ya Bandari, ambazo yafaa kila shule inayopanga safari izitafute kabla ya kumtafuta mwenye basi.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Safari ya pwani si moja, ni mbili, na hazipangwi katika wikendi moja. Mwalimu wa biolojia anayetaka wanafunzi waone kaa, kiti cha pweza na jongoo bahari katika makao yao anahitaji bamvua, kwa kuwa saa nne asubuhi mwamba utakuwa wazi nao wataweza kutembea kwenye mchanga baina ya vidimbwi (wala si juu ya matumbawe, ambayo nyayo moja huvunja kilichokua kwa miaka). Anayetaka kuogelea, kuvaa miwani na kutazama samaki, au kupiga mbizi akiwa na mtungi wa hewa kwa kuingilia ufuoni, anahitaji kinyume chake kabisa. Yeye anahitaji maji mafu.

Nitaeleza kwa nini, maana wapo walimu na vijana wa vyuo wa huku juu, nami nikiwa miongoni mwao, waliojifunza kupiga mbizi na ambao hupenda kuiba mwisho wa juma mmoja au miwili kwa mwaka. Aghalabu mpiga mbizi wa kwetu huenda kwa mashua hadi nje ya mwamba. Mashua ina bei yake, na kundi la walimu watatu huona afadhali liingie majini kwa miguu. Sasa, sehemu kubwa ya pwani yetu, kuanzia Diani na Tiwi hadi Nyali na kaskazini yake, imezingirwa na mwamba unaokwenda sambamba na ufuo, na baina yake na ufuo yamo maji ya kina kifupi. Wakati wa bamvua sehemu kubwa ya maji hayo hutoweka maji yanapokupwa. Mtu atabeba mtungi mgongoni akivuka mawe na vidudu vyenye miiba mirefu meusi, na atakapofika penye kina atakuwa amekwisha kuchoka.

Hilo ni la uchovu tu. La hatari ni mkondo. Maji yote yaliyoingia juu ya mwamba wakati wa kujaa sharti yatoke, na njia yake ya kutokea ni milango michache iliyomo katika mwamba. Walimu wa hesabu wataipenda kanuni wanayoitumia mabaharia. Gawanya kupwa kwa maji katika saa sita: saa ya kwanza hushuka sehemu 1 kati ya 12, ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ni mita 3, basi katika saa ya tatu pekee maji hushuka sentimita 75. Hebu mwanafunzi apige hesabu ya ujazo wa maji hayo katika eneo la urefu wa kilomita moja na upana wa nusu kilomita, kisha ayapitishe yote katika mlango mmoja. Atafahamu kwa nini mwogeleaji hodari huchukuliwa nje. Wakati wa maji mafu hesabu hiyo hiyo hutoa sentimita 25.

Basi mpiga mbizi wa ufuoni huchagua Jumamosi ya maji mafu, akaingia majini yapata nusu saa kabla ya kilele cha kujaa, wakati mkondo ukiwa dhaifu, na akawa amerudi mchangani kabla maji hayajaanza kutoka kwa nguvu. Asubuhi nayo ina fadhila nyingine: upepo wa mchana huwa haujaamka. Na popote aingiapo, humwuliza kwanza mvuvi wa mahali hapo mlango uko wapi. Wazee wa pwani huihesabu siku ya mwezi vidoleni kama vile mzee wa Kipsigis anavyotazama mawingu ya adhuhuri akajua kama mvua ya mawe itashuka juu ya chai. Elimu hizo mbili ni ndugu, na sijui ni kwa nini tumezoea kuiita moja sayansi na nyingine desturi.

Mwezi huamua wiki; upepo huamua msimu. Hapa kalenda ya shule zetu yagongana na bahari. Likizo ya Agosti, ambayo ndiyo shule nyingi huitumia, huangukia ndani ya kusi. Upepo hutoka kusini mashariki, mawimbi hupiga mwamba kwa nguvu, mchanga hutibuka na maji hupoa hadi karibu nyuzi 25. Aprili ni mwanzo wa masika, kusi likianza kuingia. Desemba kaskazi limekwisha anza, lakini nauli na vyumba hupanda kwa ajili ya Krismasi. Kipindi kilicho bora, Februari hadi Machi, kaskazi likiwa limepungua nguvu na maji yana joto na utulivu, huwa tumo darasani. Iliyobaki ni ile likizo fupi ya katikati ya muhula wa kwanza, ambayo kwa kawaida huja mwishoni mwa Februari. Kwa maoni yangu shule inayotaka kwenda baharini ingejipangia hapo, na iiachie Agosti safari za Nakuru na Naivasha.

Aendaye Malindi azingatie jambo moja zaidi. Mto Athi, unaoanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, hubadilishwa majina njiani na kufika pwani ukiitwa Sabaki, ukiwa umebeba udongo wa mashamba ya watu. Wakati wa kusi tope hilo husukumwa kaskazini, mbali na hifadhi ya bahari ya Malindi iliyoanzishwa mwaka 1968. Wakati wa kaskazi husukumwa kusini, likaielekea hifadhi hiyo. Ndiyo sababu baada ya mvua za vuli mtu aweza kukuta bahari ya Malindi ina rangi ya chai ya maziwa, na wakati huo huo kule Diani au Kisite anaona vidole vya miguu yake. Mwalimu wa jiografia anayefundisha mmomonyoko wa udongo asimtafute mfano mwingine.

Limesalia jambo ambalo vitabu vya mbizi vilivyoandikwa kwa watu wa ufuoni hulipitia upesi, nalo kwetu sisi wa Kericho ni la kufa na kupona. Mji wetu uko juu ya bahari kwa takriban mita 2,000. Kanieneo ya hewa hapa ni kama sehemu nne kwa tano ya ile ya Mombasa. Mpiga mbizi anaposhuka mita 10 chini ya maji, kanieneo inayomkandamiza huwa maradufu ya ile ya ufuoni, na gesi ya naitrojeni iliyomo katika hewa anayoivuta huyeyuka ndani ya damu na minofu yake. Akipanda polepole hutoka taratibu kwa pumzi. Akipanda upesi, au akienda mahali penye kanieneo ndogo kabla haijatoka, hufanya mapovu mwilini mfano wa soda inapofunguliwa. Maumivu ya viungo, kupooza na hata kifo hutokana na hayo.

Aliyepiga mbizi Jumapili asubuhi kisha akapanda basi adhuhuri hajapanda ndege, naam, lakini mlima haujali umepandwa kwa chombo gani. Usiku huo atakuwa Nairobi, kwenye mita zipatazo 1,700, kisha atapita Limuru na kuukwea Mau. Treni ya Madaraka Express, iliyoanza kazi mwaka 2017, imeufupisha muda huo zaidi, kwani humfikisha Nairobi katika saa zipatazo tano au sita. Mashirika ya usalama wa wapiga mbizi hushauri kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa, kabla ya kupanda ndege au kwenda nyanda za juu. Mimi huongeza juu ya hizo, kwa kuwa kati ya Mariakani na Mau Summit ni vigumu kumpata daktari wa maradhi haya.

Kwa hiyo juma la mlimani hupangwa kinyumenyume, kuanzia nyumbani. Kama Jumatatu ni ya mapumziko, basi liondoke Mombasa Jumapili adhuhuri. Mbizi ya mwisho iwe imekwisha Jumamosi saa tano asubuhi, na kwa ajili hiyo maji yawe yamejaa karibu saa nne, nayo ndiyo Jumamosi ya mwezi nusu. Safari ya kuteremka iwe Alhamisi usiku ili Ijumaa iwe ya kulala na kukagua ufuo maji yakiwa yamekupwa, kwa kuwa njia ya kuingilia huonekana vizuri zaidi ikiwa kavu.

Jumapili asubuhi, ambapo hakuna kuzama, iwe ya Fort Jesus. Mbele ya ngome ile ilizama meli ya Kireno, Santo António de Tanná, mwaka 1697, wakati Waarabu wa Oman walipokuwa wameizingira Mombasa. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi waliichunguza sakafuni mwa bahari wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa. Vyombo walivyovitoa vimo katika jumba la makumbusho ndani ya ngome, na kutoka ukutani mwanafunzi aweza kuyatazama maji yale yale yakienda na kurudi, saa yake mkononi, akilinganisha na jedwali aliyokuja nayo kutoka Kericho.