Jino la Mtoto Lililovunjika Mzizi Lisiharakishwe Kung'olewa

Wazazi na walezi wa Unguja na Pemba ambao watoto wao wanaishi au huwatembelea jamaa katikati ya jiji la Dar es Salaam, hususan Kariakoo, wanaarifiwa kwamba jino la mtoto laweza kuvunjika mzizi ndani ya ufizi ilhali kwa nje laonekana zima. Katika mitaa ile yenye mikokoteni, pikipiki na ngazi zilizojaa mizigo, mtoto huanguka kifudifudi kwa wepesi, na meno ya mbele ya juu ndiyo yapatayo pigo la kwanza.

Jino hilo hulegea, pengine huonekana limerefuka kuliko ya jirani, na damu huchuruzika pembezoni mwa ufizi. Wapo wazazi wanaosubiri lipoe lenyewe, na wapo wanaotaka ling'olewe siku ile ile. Wote hukosea. Jino la ukubwani la mtoto wa miaka 8 halina mbadala wa kuota, na la kupandikizwa hungoja hadi taya limalize kukua.

Daktari wa meno hupiga picha za eksirei kwa pembe tofauti, kwani ufa ulioinama hujificha katika picha moja. Kisha hurejesha kipande kilichohama na kukifunga pamoja na meno ya jirani kwa waya mwembamba unaonyumbuka. Kwa mujibu wa miongozo ya kimataifa ya mwaka 2020, waya hukaa wiki 4; ufa ukiwa juu, karibu na ufizi, huweza kukaa hadi miezi 4. Kiini cha jino hakitolewi mwanzoni, hata jino lisipohisi baridi, maana hisia huweza kurejea baada ya miezi 3. Mwaka 1967 Andreasen na Hjørting-Hansen wa Denmark walieleza jinsi vipande vya mzizi vinavyoweza kuungana tena. Kiini kikifa, mfereji husafishwa hadi penye ufa tu.

Meno ya utotoni yana hukumu nyingine. Kipande kilicholegea mno huondolewa, lakini ncha iliyobaki huachwa iyeyushwe na mwili. Kuichokoa ni kulihatarisha jino la ukubwani linaloumbika hapo.

Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili, Upanga, ambako mafunzo ya udaktari wa meno yalianza mwaka 1979, si safari ndefu, na inafaa kufika siku ya ajali. Taabu hutokea baadaye: familia hupanda boti kurudi visiwani, na waya husahaulika mdomoni. Mzazi anayeondoka mapema achukue picha za eksirei pamoja na barua ya daktari, azikabidhi kwa daktari wa meno wa huku. Uchunguzi huendelea kila mwaka kwa miaka isiyopungua 5. Waya ukiwapo, mtoto ale vyakula laini na apigwe mswaki laini kila baada ya mlo.