Ufuo wa Umma na Haki ya Chombo

Hapana mji wa mwambao, tangu Lamu hata Kilwa, ambao haukusimama juu ya diko lake, maana kabla ya gati na forodha, na kabla ya nyumba za mawe, palikuwapo kipande cha pwani ambapo vyombo vilipanda na kushuka bila ya mwenyewe kuulizwa hati. Na hata leo wavuvi wengi hulala usiku hali rasilimali yao yote imelazwa juu ya mchanga usiokuwa wao. Suala la nani awe na haki ya kuweka chombo chake juu ya ardhi ya umma, kwa muda gani na kwa masharti gani, huonekana dogo mbele ya mambo ya bandari kuu na utalii, lakini riziki za watu wengi zimefungamana nalo, na kwa hiyo lastahili kutazamwa kwa utulivu na kwa insafu.

Anayetaka kufahamu kwa nini chombo hakiwezi kukaa majini daima, na aende Nungwi katika kisiwa cha Unguja, au Matondoni katika kisiwa cha Lamu, siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, wakati tofauti baina ya maji kujaa na kupwa inapozidi mita 3. Mashua huelekezwa pwani maji yakiwa yamejaa tele, mpaka mkuku wake uguse mchanga. Yakianza kupwa hutiwa gadi huku na huku isilale ubavu, na mafundi wakashika kazi yao: kukwangua chaza na mwani ulioshika mbao, kuuchoma ubavu kwa makuti yanayowaka ili wafe wadudu watoboao mbao, kung'oa pamba iliyooza katika maungo na kutia mpya iliyochovywa mafuta, ambayo fundi wa kalafati huishindilia kwa patasi na nyundo upenyo kwa upenyo, na mwisho kupaka sifa au deheni. Kazi hiyo haina haraka, wala bahari yenyewe hairuhusu haraka, kwa kuwa chombo kilichopandishwa kwa maji ya bamvua hakielei tena katika maji mafu, bali hungoja bamvua ya pili, yaani kiasi cha siku 14. Na kusi ikishika barabara, baina ya mwezi wa Juni na Agosti, ngalawa na mitumbwi mingi hukaa juu muda mrefu zaidi, kwa sababu nje ya mwamba hakuendeki.

Sheria za nchi zetu hazikuusahau ufuo, ila zimeutazama kwa macho mbalimbali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, imeihesabu ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma, ishikwe na Serikali ya Taifa kwa amana ya wananchi, na isimamiwe na Tume ya Taifa ya Ardhi. Ni neno adhimu. Lakini baharia akilipima ataona kuwa ardhi iliyohifadhiwa hapo ndiyo hiyo inayofunikwa na maji mara mbili kila siku, hali chombo kinachotengenezwa huhitaji mchanga mkavu ulio juu ya alama hiyo, nao mchanga mkavu, mahali pengi, ndio uliokwisha kugawanywa viwanja. Asili ya mgawanyo huo ni ya zamani, kwani Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyowekwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya mwambao wa Kenya, ilimtaka kila mwenye ardhi ajitokeze na kuidai kwa jina lake, na isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Na diko, ambalo ni la wote, lilikuwa gumu kudaiwa kwa jina la mmoja. Tanzania Bara, kwa upande wake, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka baharini, shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru hifadhi yake. Kinga hiyo ni kubwa zaidi, ila marufuku ya kujenga si sawasawa na haki ya kuweka chombo, na mvuvi anayefukuzwa ufuoni na mlinzi wa hoteli hana karatasi ya kumwonyesha.

Ajabu ni kwamba jambo hili lilikwisha kupambanuliwa zamani katika elimu ambayo wazee wetu waliisoma misikitini. Kitabu cha Minhaji cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambacho wanavyuoni wa mwambao wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, kimeeleza hukumu za manufaa ya pamoja: kwamba njia ni ya wapitao, lakini mtu aweza kukaa hapo kwa biashara yake madhali hawabani wapitaji, kwamba aliyetangulia mahali ana haki napo kuliko aliyekuja nyuma, na kwamba akiondoka kwa kuiacha kazi ile, haki yake huondoka pamoja naye. Hukumu hiyo ukiileta ufuoni, inamkaa nahodha sawasawa: anayo haki ya kutangulia, hana haki ya milki, na haki yake ina uhai madhali chombo chake kina uhai.

Kwa mizani hiyo twaweza kuona dhuluma mbili zinazoukabili ufuo. Ya kwanza ni ya mwenye nguvu anayejenga ukuta, kwani ukuta huziba ujia wa kuteremshia vyombo, na kadhalika wimbi linaloupiga hurudi na mchanga, hata ukanda mkavu uliobaki ukazidi kuliwa mwaka hata mwaka. Ya pili ni yetu wenyewe, nayo ni kuacha vyombo vilivyokufa vikazuia nafasi ya vilivyo hai. Mtumbwi wa mti ukiachwa huoza na kurudi mchangani, lakini boti ya faiba haiozi. Hupasuka vipande, hubakia na mafuta ya injini tumboni mwake, na mahali pake hapana mwingine awezaye kupanda. Mwenye boti iliyokufa asemaye kuwa pale ni pake kwa kuwa baba yake alipaegesha, hoja yake haina tofauti kubwa na ya mwenye ukuta.

Mataifa mengine yamepambana na fitina hiyo hiyo. Nchini Marekani, ambako watu wengi wanamiliki magari yenye vyumba vya kulala pamoja na boti za starehe, Idara ya Usimamizi wa Ardhi iliyoundwa mwaka 1946 inasimamia kiasi cha ekari milioni 245 za umma, na kanuni yake ya kawaida ni kuwa mtu aweza kupiga kambi mahali pamoja siku 14 katika kila siku 28, kisha ahame. Wala haruhusiwi kuacha mali yake bila ya mwangalizi zaidi ya siku 10, isipokuwa Alaska, ambako muda huo ni miezi 12. Tena, tangu mwaka 1983, imetenga maeneo maalumu katika jangwa la Arizona na California, mathalani karibu na mji wa Quartzsite, ambako wenye magari hayo hukaa kwa kibali na ada toka tarehe 15 Septemba hata 15 Aprili. Hatuna haja ya kuzichukua hesabu zao, kwani siku 10 zingemdhulumu mvuvi anayengoja bamvua. La kuiga ni ile hekima ya kuweka muda unaolingana na hali ya nchi, na kutenga mahali panapojulikana.

Basi yafaa kila diko lipimwe, pamoja na mchanga wake mkavu na njia ya kulifikia toka barabarani, na mipaka yake iandikwe kuwa ya umma kabla ya kiwanja kingine hakijatolewa. Kamati za usimamizi wa pwani, ambazo sheria za uvuvi za Kenya na Tanzania zinazitambua, zipewe daftari la vyombo, na muda wa kukaa juu uhesabiwe kwa bamvua na kwa misimu ya pepo. Chombo kisichoguswa kwa mkono wa fundi mwaka mzima mwenyewe aitwe, na asipokuja, kiondolewe. Boti za starehe nazo zina haki ya mahali, ila mwenyewe na alipe ada itakayosafisha pwani na kuweka mapipa ya mafuta machafu, wala zisiwekwe pale ambapo zitamwondoa anayekula kwa bahari. Halmashauri itakayofanya hivyo sasa haitahitaji fedha nyingi, bali kamba ya mpimaji na uthabiti wa moyo. Itakayongoja itakuja kutambua kuwa ufuo ukishauzwa haununuliki tena kwa bei ya mvuvi.