Fahamu: Nani atamrithi Wetang'ula Ford Kenya?

Tangu Mahakama Kuu iamue, Februari 2025, kwamba Moses Wetang'ula, Spika wa Bunge la Taifa, hawezi pia kuwa kiongozi wa chama, uvumi wa nani atairithi Ford Kenya, mshirika wa UDA serikalini, umepamba moto kuanzia Kanduyi hadi Kitale. Majina hutajwa kulingana na nani kashangiliwa zaidi uwanjani Masinde Muliro. Kipimo hicho hakifai. Jaramogi Odinga, aliyekuwa kiongozi wa Ford Kenya, alipofariki 1994, Wamalwa Kijana alichukua usukani. Raila Odinga, pamoja na umati wake wote, alishindwa kumng'oa, akahamia chama cha NDP. Mei 2020, Wafula Wamunyinyi, aliyekuwa mbunge wa Kanduyi, na katibu mkuu Eseli Simiyu walitangaza kumpindua Moses Wetang'ula. Jopo la mizozo ya vyama likasimamisha mabadiliko, na wawili hao wakaishia chama cha DAP-K. Kilichoamua ni karatasi: kumbukumbu za kikao, sahihi za wajumbe, na orodha ya viongozi iliyo kwa Msajili wa Vyama.

Kuna watakaosema mwananchi ndiye mwamuzi, kwani 2022 Kanduyi ilimchagua John Makali wa Ford Kenya badala ya Wamunyinyi. Kweli, lakini kura ile ilikuwa ya ubunge. Mpiga kura anaweza kuadhibu chama; kukichagulia kiongozi ni kazi ya wajumbe, na wajumbe hutoka matawini, ambako anayeshika chama ndiye mwenye usemi. Kwa hiyo wa kuangaliwa ni yule anayepanga uchaguzi wa matawi. Nyimbo za jukwaani zina siku zake.