Chipsi, Soda na Video za Mtandaoni: Fahamu Kiasi Unachokula

Huduma mpya za video na habari mtandaoni zimewawezesha wananchi wengi kupata taarifa na burudani kupitia simu ya mkononi. Pamoja na manufaa hayo, imejengeka tabia ya kula chipsi na kuku wa kukaanga na kunywa soda huku macho yakiwa kwenye simu.

Tabia hii ina athari kwa afya. Video moja ikimalizika, nyingine huanza yenyewe, na mlaji hukosa kutambua kuwa ameshiba.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichofika kijiko kimoja cha chai. Aidha, sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula, yaani takribani gramu 50 kwa anayehitaji kilokalori 2,000. Chupa ya soda ya mililita 350 huweza kuwa na gramu 35 za sukari. Hivyo chupa ya pili huvuka kikomo hicho.

Ulaji huo ukizoeleka, huongeza hatari ya uzito uliozidi, shinikizo la juu la damu na kisukari.

Wananchi wanashauriwa kuweka simu kando wakati wa mlo, kunywa maji badala ya soda na kula angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Wazazi waanze wao, kwani watoto huiga wanachokiona mezani.